Gri Mbili kwa Ukuta Mmoja

Jumatatu, 6 Novemba 2000

Kaye hii ni daftari langu la ushoni, la foyer ya parokia, tunakofundishwa kushona. Mbele kuna michoro ya jupe na kola, nyuma kurasa ziko nyeupe. Nitaandika nyuma. Nisipoandika nitasema, na siku hizi kusema si akili.

Askari walimkamata Anastase juzi, Jumamosi, nyuma ya soko. Bwana yangu na wanaume wengine kumi na wanne. Alikuwa anatoka kazini, ndoo ya chokaa mkononi, brosi mbili kwapani. Wanaume hao ni wa kubeba: masanduku ya risasi, mifuko ya mchele, mpaka Bijombo kule milimani. Camion ya jeshi inawafikisha chini ya mlima, halafu ni shingo na miguu. Bwana wa jirani yangu Agnès alipanda hivyo mwezi wa nane. Hajashuka. Agnès bado anamwachia chakula chini ya kifuniko. Asubuhi anakila mwenyewe, kimepoa.

Lakini Komanda — jina lake sitaliandika, hata nyuma ya kola — akauliza nani kati yao anajua kupaka rangi nyumba. Anastase akainua brosi zake. Basi wale kumi na wanne wamepanda leo asubuhi, yeye amebaki. Analala kwenye depo nyuma ya nyumba anayokaa Komanda, mtaa wa Kimanga. Nyumba si yake. Ni ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbilia Kigoma na funguo mfukoni. Kazi: kupaka salon, sebule ya wageni. Rangi: gri.

Gri. Sisi tunaamka na majivu, tunazoa majivu, tunatupa majivu. Wakubwa wanayataka ukutani.

Askari wa mlangoni anaitwa Ndikumana. Mtu mzima, anakohoa. Nilimpa karanga, akanipa maneno.

— Mama, salon ikiisha, jina yake inarudi kwa liste. Camion iko napanda kila Jumatatu. Minye sikukuambia kitu.

Ndivyo ilivyo. Siku za bwana yangu ziko kwenye ukuta wa mtu.

Mtoto wetu Délice ameota jino la chini. La kwanza. Baba yake hajaliona.

Jumanne, 7 Novemba

Nimeingia. Nilipeleka bugali na ndagala, Madame wa Komanda akaniona mlangoni na Délice mgongoni. Akauliza kama ninajua kufuta sima, ile sakafu ya simenti. Chokaa inadondoka, hataki matone. Nani hajui kufuta sima? Basi nimekuwa mfuta matone. Mshahara hakuna, chakula kipo. Na nitamwona Anastase kila siku. Nilifuta huku nacheka kama mjinga.

Madame: mrefu, mwembamba, kikwembe cha bei, kucha nyekundu. Mtoto hana. Anatembea ndani ya nyumba ile kama mtu aliyeingia dukani bila kitu mfukoni, hagusi chochote. Ana ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la wazungu. Picha ya salon: kiti kimoja, ua moja, ukuta wa gri. Mtu hakuna hata mmoja. Anaubandika ukutani kwa kiganja, anarudi nyuma, anafunga jicho moja.

Gri ya kununua hapa Uvira haipatikani. Anastase anaitengeneza. Anachukua chokaa nyeupe, anatia kitu cheusi. Ana vitu vyeusi viwili. Cha kwanza ni unga wa ndani ya mabuye, zile betri za radio, yaliyokwisha moto. Anayapasua kwa nyundo. Cha pili ni makaa ya jikoni, anayatwanga na kuyachuja kwa kitambaa. Alipaka viraka viwili, kila kimoja kama sinia, kimoja kushoto mwa dirisha, kimoja kuume. Kushoto gri ya mabuye, kuume gri ya makaa.

Madame alisimama pale tangu saa tatu mpaka saa sita. Huko milimani watu wanauana, yeye yuko mbele ya viraka kama anaungama.

— Ya kushoto iko na baridi, akasema. Ya kuume iko na... iko na nini, fundi?

— Iko na joto, Madame.

— Joto. Njo ile neno nilikuwa natafuta.

Na Anastase akatikisa kichwa, kwa heshima zote, kama daktari mbele ya daktari mwenzake. Mimi niliona sinia mbili za majivu.

Jumatano, 8 Novemba

Leo Madame ameamka, ameangalia viraka, ameita askari. Kwamba fundi amebadilisha rangi usiku, yeye Madame akiwa amelala. Jana zilikuwa nzito, leo nyepesi. Ndikumana akaja na bunduki yake, akaangalia ukuta, akamwangalia Madame, akakohoa.

Hata mtoto wa kwetu Kiringye anajua kwamba chokaa mbichi inadanganya. Mbichi ni wingu la mvua, kavu ni unga wa muhogo. Na kwa mvua hizi za Novemba ukuta unakauka siku mbili, tatu, upande huu leo na upande ule kesho. Anastase akamweleza, kofia mkononi. Madame akasema basi, hakuna kuchagua mpaka zikauke zote mbili sawasawa.

Anastase akakunja uso. Hapendi kungojeshwa.

Mimi nilibaki na kitambaa mkononi. Zikauke sawasawa. Basi nikaosha vizuri sana sima ya upande wa kuume, maji yakaruka kidogo ukutani. Kidogo tu. Mtu anayefuta anaweza kurusha maji.

Ijumaa, 10 Novemba

Nina kazi ya pili sasa: kumtia Madame mashaka. Ni rahisi kuliko kufuta.

— Madame, asubuhi jua ikitoka ziwani, ile ya mabuye iko muzuri. Lakini jua ikienda nyuma ya mulima, inakuwa sawa uso ya mugonjwa.

— Mugonjwa wa nini?

— Wa malaria, Madame. Siku ya tatu.

Akaketi. Jioni akaniita kutoka uani nije kuona kama ni siku ya tatu au ya pili. Mungu anisamehe, nilisema iko katikati.

Ile ya makaa nilisema inaonekana chafu kabla haijachafuka. Akaiangalia hivyo mpaka nilipoondoka. Akamwambia Anastase apake viraka vingine viwili, ukuta wa mlango, ili tuone mwanga wa huko. Mwanga wa huko! Sasa kuna viraka vinne. Salon inaonekana kama mtu mwenye mapele.

Mwanamke mzima. Amekula, amevaa, ana askari mlangoni, na ugonjwa wake ni huu.

Nilirudi nyumbani. Jioni Agnès alikuja, nikamsimulia. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akakaza kitenge kiunoni. Akasema bwana yake alijua kulima tu, na kulima hakuna aliyeuliza. Nikaona haya. Nikampa ndagala zilizobaki kwa Madame, akazifunga kwenye pembe ya kitenge, akaenda.

Siku ya Mungu, 12 Novemba

Misa. Wengine waliomba amani. Mimi niliomba mwanamke mjinga aendelee kuwa mjinga. Kesho ni camion.

Jumatatu, 13 Novemba

Imepanda saa mbili. Wanaume tisa. Anastase hakuwamo, alikuwa anatwanga makaa.

Alitia kidole kwenye kinywa cha Délice kutafuta jino. Délice akamuuma. Akakitoa, akakiangalia kile kidole muda mrefu, kilikuwa cheusi kwa makaa, na Délice naye ufizi mweusi. Tulimwosha pamoja kwenye bomba la uani. Ndikumana alijifanya anaangalia barabara.

Jumanne, 14 Novemba

Nimegombana na bwana yangu. Ninaandika na hasira, biki inapasua karatasi.

Anasema amechoka. Siku nane, viraka kumi na moja. Watu wanapita kando ya dirisha, wanachungulia, wanasema fundi Anastase sasa hajui rangi. Nikamwambia waache waseme. Akaendelea kula, nikafikiri amesikia.

Kumbe alipomaliza kula alichukua unga wa mabuye, akachukua unga wa makaa, akavitia vyote kwenye chokaa moja. Akaongeza udongo mwekundu, kijiko kimoja tu, na chumvi ili ishike. Akakoroga mpaka jasho likatoka. Akapaka kiraka kimoja katikati ya ukuta mkubwa. Akasimama pembeni na mikono nyuma, kama mwalimu.

Nikisema kilikuwa kibaya nitakuwa muongo hata kwa kaye. Kilikuwa kizuri. Ukuta ulirudi nyuma hatua moja. Hata mimi, mtu wa majivu, niliona. Nilitaka kumpiga kwa brosi.

— Weye, unataka kumaliza?

— Mama Délice, minye niko fundi.

— Fundi wa wapi? Bijombo kuko kuta gani za kukungojea?

— Mubaya siwezi kupaka siku zote. Mukono inakataa.

Mkono unakataa. Atabeba sanduku la risasi kichwani kwa sababu mkono wake unakataa gri mbaya. Mama mkwe aliniambia siku ya ndoa: mwanangu ana kiburi kimoja tu, kazi yake, kingine chochote mtaelewana. Nilicheka siku ile. Nilijiona nimepata bahati.

Jumatano, 15 Novemba

Kitu cha ajabu.

Madame amekiona kiraka cha katikati. Nilikuwa chini ninafuta, niliona uso wake wote. Ule ukurasa wa gazeti ulishuka mkononi. Alikipenda. Hakuna mtu atakayenidanganya hapo, ninajua uso wa mwanamke aliyepata alichokitaka. Akakigusa. Kilikuwa kimekauka.

Halafu akasema: — Hapana. Futa.

Anastase kama amepigwa kofi. — Madame, hii ndiyo ile ya picha.

— Nimesema futa. Tunarudilia zile mbili za kwanza. Kidogo kidogo.

Nilimshukuru Mungu kwa upumbavu wake mkubwa. Namna ya kuuona mwezi na kuomba taa. Lakini alipogeuka niliona mkono ulioshika ukurasa. Ulikuwa umeukunjakunja kama karatasi ya karanga. Mpumbavu ana sababu gani ya kukunjakunja kitu anachokipenda?

Alhamisi, 16 Novemba

Aliniita jikoni. Alikuwa amempikia Délice uji, yeye mwenyewe, na kucha zile. Ulikuwa na mabonge. Délice alikula.

— Mama Délice, unazani minye niko mupumbavu.

— Hapana, Madame.

— Sema kweli. Uko na mutoto mukononi, hauwezi kusema uongo mbele yake.

— Basi kidogo, Madame.

Akacheka. Tangu nije sijamsikia akicheka. Ana pengo upande, analificha.

Akaniambia salon si yake. Komanda ana msichana Bukavu, amesoma, ana mimba ya miezi sita. Siku salon itakapoisha atamleta. Ule ukurasa si wa Madame, ni wa msichana, aliutuma ndani ya barua kwa Komanda: ninataka gri kama hii. Na Komanda akampa Madame kazi ya kusimamia. Ajue rangi itakayomtoa.

Madame anaitwa Pélagie. Ni wa Nyakabere, wa uwanda wa Ruzizi, kama mimi na Kiringye yangu. Tungeweza kukutana sokoni Sange tukiwa wadogo, kila mmoja na kapu lake la mihogo. Komanda alimchukua akiwa na miaka kumi na saba. Miaka mitano, mtoto hakuna. Nyumbani kwao hakuna aliyebaki wa kumpokea, na mwanamke aliyelala kwa Komanda, akirudi peke yake bila askari, majirani watamfanya nini? Aliniuliza hivyo. Nilimfuta Délice kidevu. Ninawajua majirani.

Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa ninafunga kwa nje mlango ambao mwenzangu amekwisha kuufunga kwa ndani. Malaria siku ya tatu! Alikuwa ananisikiliza na kunishukuru moyoni, na mimi ninajiona mjanja.

— Lakini sikufanya juu ya bwana yako, akasema. Nilifanya juu yangu.

Afadhali aliposema hivyo. Angesema amenihurumia nisingemwamini.

Bado uji wake una mabonge.

Ijumaa, 17 Novemba

Komanda amekuja. Mfupi. Manukato yanamtangulia, buti zinamfuata, zote kwenye sima yangu iliyo mbichi. Akazunguka salon na kifimbo chake akihesabu viraka. Akafika kumi na saba, akaacha.

Akauliza wiki mbili zimeliwa na nini. Madame akasema hawajachagua, moja ina baridi, nyingine ina joto. Komanda akasema gri ni gri. Akanyoosha kifimbo kwenye kiraka cha makaa bila kukiangalia. Ile. Kazi iishe siku ya Mungu jioni. Jumatatu mgeni anafika, na camion inapanda, na fundi atapanda nayo, huko juu wamepungukiwa na shingo.

Alisema hivyo, shingo. Kama anaagiza mihogo.

Gri ni gri: mimi nimesema hivyo tangu siku ya kwanza. Nilipoyasikia maneno yangu kwenye kinywa kile nilitaka kuyatapika.

Anastase akasema ndiyo Komanda. Akaanza kupima chokaa.

Jumamosi, 18 Novemba

Komanda alikwenda Sange. Anastase alitumwa Kalundu kuchukua chokaa, Ndikumana nyuma yake. Tulibaki sisi wawili na Délice.

Pélagie akaniuliza chokaa inaogopa nini.

Hilo ninalijua. Jikoni kwa mama mkwe, ukuta wa nyuma ya mafiga, mawese yaliruka miaka yote. Anastase aliupaka mara tatu kwa heshima ya mama yake, mara tatu doa likarudi. Chokaa haishiki juu ya mafuta. Ikiwa mbichi huoni kitu. Ikikauka inajikunja, inabanduka, na wekundu unatokea chini.

Alileta bidon ya mawese. Lita tano, nyekundu, safi, ya kupikia sherehe ya mgeni. Tulichana kitenge cha zamani vipande viwili, tukapaka. Kidogo kidogo, kama unavyompaka mtoto baada ya kuoga, tukisugua mpaka ukuta unywe. Yule mfanyabiashara wa Kigoma alikuwa amepaka salon waridi. Juu ya waridi mawese hayaonekani sana. Yeye alipaka juu kwa sababu ni mrefu, mimi chini. Halafu tukakaanga makemba, ndizi tele, jikoni, mlango wazi, ili nyumba nzima inuke makemba. Tulikula mpaka tukachoka. Délice alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi.

— Komanda akiuliza? nilisema.

— Ataniuliza minye? Ataniuliza ukuta? Ataulizia fundi.

Tuliliona wote wawili. Ninaliandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuliona. Wanaweza kumpiga. Wanaweza kusema ni makusudi, ni mtu wa upande ule mwingine. Au wanaweza kumwachia ukuta aurudie. Na kesho kutwa camion: hapo hakuna "au".

Tuliendelea kupaka.

Siku ya Mungu, 19 Novemba

Sikwenda misa. Nilikuwa chini, ninafuta mahali ambapo hapakuwa na tone.

Anastase alichovya brosi, akaipitisha mara moja toka juu mpaka chini. Akasimama. Chokaa ilikusanyika matone matone, kama jasho. Akapitisha tena. Akaweka brosi kwenye ndoo. Akasugua ukuta kwa kidole, akakinusa.

Halafu akaniangalia.

Sikuinua uso. Niliona miguu yake tu, na chokaa kwenye kucha za miguu. Délice alikuwa anaimba mambo yake ya ba-ba-ba kwenye kitenge. Nilingoja anigombeze, na askari walikuwa verandani, sauti yoyote wangesikia. Nilihesabu pumzi zangu. Kumi na mbili.

Akachukua brosi. Akakoroga chokaa ikawa nzito zaidi, akapaka. Akabonyeza pale ilipokataa, akarudia, akabonyeza. Ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mara mbili kila mmoja. Kona zake zilinyooka kama alizipima kwa kamba. Alipaka kama anapaka nyumba ya askofu.

Jioni salon yote ilikuwa gri, mbichi, nzito, na nzuri kuliko picha ya mzungu. Komanda alipita na tochi. Akasema vizuri. Akaenda kula.

Anastase alikuwa anaosha brosi kwenye bomba. Nilisimama karibu na ndoo yangu. Hakuniangalia.

— Pembeni mulipaka vibaya, akasema polepole. Pale dirishani kabisa hamukufika. Pale itabaki muzuri.

Basi. Ndiyo yote aliyoniambia. Mtu mwenye kiburi, hata hujuma anaikosoa kama kazi.

Nilirudi nyumbani nikicheka, halafu njiani, karibu na daraja la Mulongwe, nikakuta ninalia, na si kwa kicheko tena.

Jumatatu, 20 Novemba

Ninaandika jikoni kwa Pélagie, kaye juu ya goti, Délice ananyonya. Nimefukuzwa salon, lakini mlango uko wazi, ninaona na kusikia. Mikono haitaki kukaa bure.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Madoa yalikuwa yametoka yote. Makubwa, ya manjano na mekundu, na gri imejikunja juu yake kama ganda la kidonda. Ukuta wa kushoto umeanguka nusu, unga wake uko kwenye viti vipya. Pale dirishani pamebaki pazuri, kweli, kama alivyosema.

Camion iko mlangoni, injini imewashwa. Ndikumana anasoma majina na kukohoa. Amefika la nne.

Komanda ameingia na sabuni ya ndevu kwenye shavu moja. Amezunguka kuta zote nne. Akamuuliza Anastase hiki ni nini.

— Ni minye, Komanda. Nilichanganya vibaya. Chokaa ilikuwa mubaya na sikuipima. Kazi iko mubaya.

Miaka mitatu ya ndoa, na sijawahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake juu ya kazi yake. Alilisema amesimama wima, kofia mkononi, mbele ya askari watatu ambao kesho watalipeleka sokoni. Uvira nzima itajua. Nilitaka kwenda kumziba mdomo, nilitaka kumbusu viganja.

Komanda amempiga kifimbo mara moja, begani. Mara moja. Ninangoja ya pili. Haijaja.

Pélagie amesema, kwa ile sauti yake ya Madame, ya kuvuta, kwamba mgeni hawezi kuingizwa ndani ya kitu kama hiki. Watu watasema nini. Mtoto wa watu, na mimba, alale kati ya kuta zenye ukoma? Afadhali angojee Bukavu, barua ipelekwe leo. Anasema akiangalia kucha zake. Ningekuwa simjui, ningemdharau kabisa.

Ndikumana amefika jina la saba.

Komanda anafuta sabuni kwa mgongo wa mkono. Anaangalia camion, anaangalia ukuta. Sasa ameuliza.

— Kukwangua yote na kurudilia. Siku ngapi?

Anastase amekwenda ukutani. Amebandua ganda moja kwa kucha, amelipima kati ya vidole viwili. Kwa mkono wake ni siku tatu, na Jumatatu ijayo apande, ninajua, yeye anajua, na leo amekwisha kusema uongo mmoja juu ya kazi. Sijui kama anao wa pili.

Jina la tisa. Anastase bado ameshika lile ganda, anafungua kinywa, na biki yangu inangoja nambari.